Baiskeli ya Mwalimu Mwinshehe

Baiskeli ilifika Bigwa, pembezoni mwa mji wa Morogoro, ndani ya bajaji, imelazwa kwenye kiti cha abiria, pedeli moja imechungulia nje. Bi Mosi alikuwa barazani anachambua mchicha. Alijua kuna mzigo unakuja, kwani binti yao Mwanahawa alishapiga simu kutoka Dar es Salaam, lakini yeye alitegemea baiskeli, na hiki kilichoshushwa hakikuwa na magurudumu. Kilikuwa na kiti chenye pa kuegemea mgongo, pedeli mbili chini, na pale panapokaa usukani pamewekwa meza ya mbao, inatosha daftari na kikombe cha chai.

"Kuna mgeni hapa kazini alikuwa anarudi kwao, akawa anauza vitu vyake," Mwanahawa alimweleza alipompigia kuuliza. "Wenzetu wanafanya kazi za ofisini huku wananyonga, mama. Daktari si alisema baba afanye mazoezi ya miguu kila siku? Basi anyonge huku anaandika mambo yake."

Anaandika. Neno hilo lilibaki masikioni mwa Bi Mosi.

Mumewe, Mwalimu Mwinshehe, alifundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na nne, na jina lake lilivuma kwa ajili ya mwandiko. Herufi zake zilisimama wima, zimeachana vizuri, kila moja na nafasi yake. Hata baada ya kustaafu, aliyekuwa na harusi pale Bigwa alimpelekea Mwalimu kadi aandike majina ya wageni. Halafu kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikaanza kucheza chenyewe. Yeye akasema ni baridi ya mlimani. Mwaka uliofuata mkono mzima ukawa unatetemeka, na mwandiko ukaanza kunywea: mstari unaanza na herufi za kawaida, ukifika katikati zimepungua, mwishoni zimebanana hata huwezi kutofautisha a na o. Jirani mmoja alirudisha kadi za harusi ya mwanawe kwa adabu zote. "Mwalimu, utatusamehe, watu wameshindwa kusoma." Siku hiyo Mwalimu alizifungia kalamu zake kwenye kopo la biskuti, akaliweka juu ya kabati. Hospitalini waliuita ugonjwa wa Parkinson. Walisema hauponi. Kuna vidonge vya kuutuliza, na kuna mazoezi.

Aliyekuja kuiunganisha ile baiskeli ni Luqmani, fundi baiskeli wa pale njia panda. Alifunga boliti zote, akaizunguka mara mbili, akakuna kichwa.

"Mwalimu, sasa hii ukitaka kusimama, breki ziko wapi?"

Bi Mosi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwalimu hakucheka. "Nipande baiskeli sebuleni kwangu? Watoto wa shule wakichungulia hilo dirisha watasemaje? Mwalimu amerukwa na akili."

Kwa wiki nzima ile baiskeli ikawa ya kuanikia khanga mvua ikinyesha. Bi Mosi hakumsukuma. Alikuwa ameishi naye miaka arobaini na mitatu, akimjua kuwa ukimshika mkono kumpeleka mahali atakaa chini, ukimwacha atakwenda mwenyewe.

Na kweli, asubuhi moja alirudi kutoka dukani, akafika mlangoni akasikia sauti ya kukwaruza kutoka sebuleni, kama mtu anasaga kitu. Mwalimu alikuwa juu ya kiti, amevua kofia, shati limemshika mgongoni. Khanga zilikuwa zimekunjwa na kuwekwa pembeni.

"Njoo uone," alisema.

Alikuwa ametaka kumwandikia Mwanahawa dakika alizonyonga. Kwenye kipande cha karatasi pale mezani palikuwa na mstari mmoja: *Dakika ishirini. Miguu imechoka.* Ulikuwa ni mwandiko wake wa zamani. Haukunywea, tangu mwanzo mpaka kwenye nukta.

Walikitazama kile kikaratasi wote wawili. Bi Mosi alitaka kusema alhamdulillah, akaogopa kuikimbiza ile heri kwa kuitaja. Akaenda kuteremsha kopo la biskuti.

Tangu siku hiyo nyumba ilipata utaratibu. Baada ya chai na vidonge, Mwalimu alinyonga dakika ishirini kwa nguvu. Kisha alipunguza mwendo, miguu ikizunguka polepole, akaandika. Mkono ulimtii kama saa moja hivi, baadaye ukaasi tena. Daktari alipoulizwa kliniki alisema wapo wagonjwa wanaopata nafuu ya namna hiyo. Asiitegemee sana, lakini aitumie.

Aliitumia. Alinunua daftari kubwa la kaunta, akaanza kuandika maisha yake. Aliandika alivyozaliwa Kinole, alivyokuwa akiteremka mlima na mama yake wamebeba ndizi kichwani, alivyopata viatu vya kwanza akiwa darasa la tano akavivaa cha kulia kushoto kutwa nzima. Aliandika chuo cha ualimu, na kituo chake cha kwanza Turiani, ambako alimwona msichana mmoja, binti wa mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, akigombana na muuza mchele juu ya pishi isiyojaa. Hapo alimwita Bi Mosi kutoka jikoni amsomee.

"Uongo mtupu," alisema Bi Mosi. "Sikugombana. Nilimwelekeza."

"Ulimwelekeza hadi akakimbia."

Ile miezi Bi Mosi aliipenda. Alikuwa akipika huku anasikiliza zile pedeli, na zikinyamaza alijua kuna jambo limekumbukwa, ataitwa.

Kisha Mwalimu akafika kwenye ukurasa wa Kisaki.

Aliandika: *Januari 1983 nilihamishiwa Kisaki.* Akaweka nukta. Kesho yake alinyonga, akafungua daftari, akalitazama, akalifunga. Kesho kutwa vilevile. Siku kumi na moja zilipita hivyo, mkono ukiwa unamtii na yeye haandiki kitu. Bi Mosi alikuwa akiweka kikombe cha chai mezani anaona nukta ile ile. Alijua kinachofuata baada ya nukta, na yeye pia alikuwa hajakitamka tangu walipotoka huko.

Kisaki ndiko alikozikwa mtoto wao wa kwanza, Abeid, mwaka 1986, akiwa na miaka sita. Huko Kisaki Bi Mosi aliitwa Mama Abeid. Walipohamia Morogoro mjini, na Mwanahawa akazaliwa, majirani wapya wakamwita Mama Mwanahawa, naye akaitika, maana ndiye mtoto waliyemwona. Hakuna aliyekatazwa kulitaja lile jina la kwanza. Liliachwa tu, siku moja, kisha mwaka mmoja, hadi kulitaja kukawa kama kumfukua mtu. Mwanahawa mwenyewe alikua akijua kitu kimoja: alikuwa na kaka, alikufa mdogo kwa malaria.

Wakati Mwalimu anaahirisha, ugonjwa haukuahirisha. Saa moja ya mkono kutii ikawa nusu saa. Nusu saa ikawa robo. Sauti nayo ikaanza kumpotea, ukitaka kumsikia umsogelee. Masika ya mwaka jana, asubuhi ya mvua ya rasharasha, alisimamisha miguu akasema, "Mama Mwanahawa, njoo uandike wewe."

"Mimi? Mwandiko wangu si unaujua."

Aliujua sana. Bi Mosi aliishia darasa la nne. Walipokuwa wachumba alimwandikia barua moja tu, na Mwalimu, kwa mazoea ya kazi, aliijibu kwenye karatasi ile ile baada ya kusahihisha makosa kwa wino mwekundu. Yeye alidhani ni utani. Bi Mosi hakuandika tena kitu mbele yake, hata orodha ya dukani.

"Sitakusahihisha," alisema Mwalimu.

"Uape."

"Wallahi."

Akaleta kigoda, akakaa ubavuni mwa baiskeli, akaegemeza mkono kwenye kona ya ile meza. Mwalimu alirudi kunyonga, maana sauti yake ilitoka vizuri zaidi miguu ikiwa mwendoni. Meza ilitikisika kidogo chini ya kalamu.

"Andika. Jumatatu, mtoto aliamka na homa."

Kalamu ilisimama. "Mtoto gani?" Bi Mosi aliuliza, ingawa alijua.

Miguu ya Mwalimu ilipunguza mwendo. "Abeid wetu," alisema. "Andika, Mama Abeid."

Miaka thelathini na saba hakuna aliyemwita hivyo. Bi Mosi alihisi masikio yamepata moto. Aliinamia daftari, akaandika herufi kubwa kubwa, moja moja, kama mtoto wa shule: *Jumatatu, mtoto aliamka na homa.*

Waliandika siku tano. Mwalimu alisema maneno machache, akapumzika, akaendelea. Aliandikisha vidonge vya klorokwini walivyompa mtoto. Aliandikisha jinsi mganga wa zahanati alivyomfunua Abeid kope kuangalia damu, akawaambia wampandishe treni ya mchana huo kwenda Ifakara, kwenye hospitali kubwa, maana treni nyingine ni Ijumaa. Aliandikisha kwamba Alhamisi wakaguzi wa shule walikuwa wanakuja kutoka mkoani, na yeye alikuwa kaimu mwalimu mkuu kwa mara ya kwanza, na vitabu vya mahudhurio havijakamilika.

"Andika. Mama yake alisema tumpeleke. Mimi nikasema homa itashuka, tusubiri treni ya Ijumaa."

Bi Mosi aliandika. Nje mvua ilikuwa imekatika na maji yanachuruzika batini.

"Andika. Jumatano alfajiri mtoto alikufa. Wakaguzi walikuja kesho yake, wakanikuta kwenye mkeka wa msiba, wakanipa mkono wa pole. Mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya chini ufunguo wa ofisi uko wapi. Nikampa."

Aliandika hilo pia. Alikuwa hajui habari ya ufunguo.

"Andika. Mtoto alikufa kwa sababu yangu."

Bi Mosi aliweka kalamu chini.

"Hilo siandiki."

"Mosi, ni kweli."

"Najua ni kweli!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Unadhani sijui? Nimekulaumu kila siku tangu siku ile, sikufichi. Nimekupikia nakulaumu. Nimekupigia pasi nakulaumu. Nilipokuwa najifungua Mwanahawa nilikulaumu. Lakini kulitia kwenye karatasi kwa mkono wangu, hapana. Kama ni lako, liandike mwenyewe."

Mwalimu alimtazama. Uso wake ulikuwa umekakamaa kwa ugonjwa. Haukuonyesha hasira wala huzuni, ila machozi yalikuwa yanashuka tu. Akaanza kunyonga. Alinyonga kwa nguvu ambayo Bi Mosi hakuiona kwake kwa miezi, pumzi zikimkatika, na alipokuwa bado ananyonga akaivuta kalamu, akaandika. Alitumia muda mrefu kwa mstari mmoja na nusu. Alipoachia kalamu, palikuwa na kitu kama uzi mwembamba uliosokotwa juu ya karatasi. Hapakuwa na herufi hata moja ya kusomeka.

"Umeandika nini?"

"Nilichotaka."

Bi Mosi alichukua kalamu. Chini ya ule uzi akaandika kwa herufi zake kubwa: *Mimi nilikuwa na miguu. Steshini dakika ishirini. Ningembeba. Sikwenda.*

Akamgeuzia daftari. Mwalimu alisoma, akasoma tena. Bi Mosi aliyaona macho yake yakisimama kwenye neno steshini, akangoja. Mwalimu hakusahihisha kitu. Aliweka mkono wake unaotetemeka juu ya mkono wa mkewe, na mikono yote miwili ikawa inatetemeka pale mezani hadi chai ikapoa.

Hawakuandika tena. Kufika Julai Mwalimu alikuwa hawezi kupanda kile kiti hata kwa kushikwa, akawa anapaliwa na chakula. Homa ya mapafu ilimkuta hana nguvu ya kukohoa. Alikufa Ijumaa, akazikwa Bigwa kabla ya swala ya alasiri, na watu aliowafundisha walijaa hadi barabarani.

Baada ya arobaini Mwanahawa alibaki kumsaidia mama yake kupanga vitu. Ndipo alipolikuta daftari. Alisoma kutwa, amekaa sakafuni, mgongo kwenye ile baiskeli. Alipofika mwisho alikuja jikoni akasimama mlangoni.

"Mama, mbona hamkuniambia?"

Bi Mosi alikuwa anapepeta mchele. "Tungekuambia nini?"

Mwanahawa alitoa simu, akapiga picha ule mstari usiosomeka, akaukuza kwa vidole viwili, akausogeza huku na huku. Ilimchukua muda. Mama yake alimwona midomo ikicheza, inatafuta silabi.

"Nikusomee?"

Bi Mosi alipepeta, akapepeta. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Ameandika: *Nilimwogopa mkaguzi kuliko Mungu. Mke wangu hakunitukana hata siku moja.*"

Ungo ulitua mapajani. Msiba wote Bi Mosi hakulia mbele za watu; wanawake walisema ana moyo mgumu. Sasa alilia, mchele ukimwagika sakafuni, na Mwanahawa akapiga magoti kumshika.

"Nilimtukana," alisema alipopata pumzi. "Sikutoa sauti tu."

Ile baiskeli walimpa mama mmoja wa Mji Mpya, mwenye ugonjwa huo huo, waliyekuwa wakikutana naye kliniki. Luqmani aliifungua, akaifunga kwenye mkokoteni. Bi Mosi aliomba meza ifutwe vizuri kwanza. Akaifuta mwenyewe.

Septemba, barabara ikiwa kavu, akamwambia Mwanahawa anataka kwenda Kisaki. Walipanda basi la asubuhi, wakapita Matombo na Mvuha, vumbi likiwaingia hadi kwenye meno, wakafika mchana. Shuleni waliwaelekeza kwa Halidi, mtu wa makamo mwenye ndevu za mvi mbili tatu, anayetunza msikiti.

"Shikamoo mama," alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilikaa dawati moja na Abeid. Karibuni sana. Poleni kwa Mwalimu, habari zilitufikia."

Aliwapeleka makaburini, ng'ambo ya reli. Nyasi zilikuwa zimewafika kiunoni. Makaburi ya zamani hayakuwa na alama, ardhi imejilaza, na miti imeota mahali ambapo Bi Mosi aliacha uwanda. Halidi alisimama mbele ya mawe madogo yaliyopangwa kwa kuzunguka, yameota kuvu.

"Haya mawe aliyaweka Mwalimu mwenyewe. Alikuja mwaka ule aliostaafu, peke yake. Alitafuta siku mbili. Mimi nilimwambia sikumbuki vizuri, nilikuwa mtoto. Mwishowe akasema ni hapa, akayapanga."

Bi Mosi alikumbuka. Mwaka aliostaafu Mwalimu aliaga kwamba anakwenda Turiani kuwasalimu ndugu. Alirudi na mchele kilo tano, viatu vyake vikiwa vyekundu kwa vumbi, akasema safari ilikuwa njema.

Aliyatazama mawe, akageuka kuelekea reli. Zamani, alipokuwa akija hapa jioni kabla hawajahama, ukikaa kaburini uliliona paa la stesheni lote. Pale alipokuwa amesimama sasa halikuonekana. Labda ni miti. Labda ni yeye. Labda mumewe alipanga mawe juu ya kaburi la mtu mwingine, au pasipo kaburi.

Walikaa chini, wakasoma dua, Halidi akiitikia. Kisha Bi Mosi akafungua chupa ya maji waliyotoka nayo Bigwa, akamimina nusu juu ya mawe. Akainuka, akapasua nyasi kama hatua arobaini kuelekea reli, hadi paa la bati likaanza kuonekana kati ya matawi. Akamimina nusu iliyobaki pale, kwenye majani matupu.

"Na huko pia, mama?" Halidi aliuliza.

"Na huko pia."

Basi la kurudi lilikuwa la kesho yake, na mke wa Halidi alikuwa ameshapika. Walirudi kwa miguu kando ya reli, Mwanahawa amembebea mama yake viatu, maana kokoto zilikuwa zinaviingia. Walipokaribia nyumba Mwanahawa alipunguza mwendo.

"Mama, alikuwa mtoto wa namna gani?"

Bi Mosi alitembea kidogo, anapanga pa kuanzia.

"Alikuwa hapendi bamia," alisema. "Ukimpikia bamia, atakwambia anaumwa tumbo kabla hujapakua."